Kizingiti cha Darasa la Kwanza

Mtu wa pwani akilisikia jina la Musoma kwa mara ya kwanza hudhani kuwa limetoka katika kusoma, na kwamba mji huo ulipewa jina na watu wa vitabu. Sivyo. Wenyeji wa ufuo ule wa Ziwa Viktoria husema asili yake ni omusoma, yaani rasi, ncha ya nchi kavu iliyoingia majini. Na kweli mji wenyewe umekaa juu ya rasi. Lakini jina hilo lilikuja kupata maana ya pili bila ya mtu kukusudia, kwani ni Musoma, mwezi wa Novemba 1974, ndipo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana na kuamua kwamba kila mtoto wa Tanzania Bara aliyefika umri wa shule apate nafasi ya kusoma. Uamuzi huo hata leo huitwa Azimio la Musoma.

Tunapoandika tarehe ya elimu tumezoea kuwataja wanavyuoni wetu wa Lamu, wa Unguja na wa Ngazija, na ni haki yao kutajwa. Leo ninamwomba msomaji twende mbali kidogo, mpaka Musoma, Butiama na Bunda katika Mkoa wa Mara, tukatazame jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka kwa sababu linahusu watoto wadogo. Jambo lenyewe ni hili: mtoto alikuwa wapi, na nani alikuwa akimtayarisha, kabla ya ile siku ya kwanza aliyoingia darasa la kwanza? Linatuhusu sisi wa pwani kuliko tunavyodhani.

Kijana wa Butiama

Mwaka 1934 kijana wa miaka kama 12 alitoka Butiama, nyumbani kwa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, akaenda kuanza shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa maili 26. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa mtemi aliyekuwa na wake 22. Kijana huyo, Kambarage, dunia ilikuja kumjua kwa jina la Julius Nyerere.

Vipi alifika shule? Husimuliwa kwamba aliyemtia Burito shauri ni jirani yake, mtemi wa Ikizu, Mohamed Makongoro Matutu, ambaye nchi yake leo imo katika Wilaya ya Bunda. Makongoro alikuwa Mwislamu, na alikuwa mtu wa kufika kwa Burito kuzungumza na kucheza bao. Akamwona kijana mdogo anakaa kwenye bao na watu wazima na anawafunga. Akasema akili hii ipelekwe shule. Nimeitaja habari hii kwa sababu vijana wetu hudhani Uislamu wa bara ni jambo la juzi, na kwa sababu ya bao lenyewe.

Bao ni hesabu. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na la bara hutofautiana kidogo, lakini kazi ya akili ni moja: kukadiria kete zilizomo shimoni bila ya kuzigusa, kujua zitaishia wapi zikitawanywa, kukumbuka mwenzako ameacha nini upande wa pili. Mtoto anayeyaweza hayo anajua kujumlisha na kutoa ingawa hajaiona tarakimu hata moja. Na mtoto wa mfugaji anayerudisha ng'ombe zizini magharibi, akatambua bila ya kuambiwa kwamba pungufu ni mmoja, na ni yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, naye ana hesabu kichwani. Kwa hiyo mtu asitwambie kuwa watoto wa huko walikuja shule watupu. Walikuja na mengi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyafahamu mengi hayo na kuyaunganisha na ubao wa mwalimu.

Na kilikosekana kitu kingine, kikubwa zaidi: lugha. Nyumbani Butiama watu walizungumza Kizanaki. Kiswahili, ambacho ndicho kilichokuwa kikifundishiwa Mwisenge, kijana alikikuta huko huko shuleni. Mtu huyu ambaye mwaka 1963 alitoa tafsiri ya Juliasi Kaizari na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, kazi za Shakespeare alizozitia katika Kiswahili cha shairi, alifika umri wa miaka 12 hajafundishwa lugha hiyo. Akakishika, akamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Wako wanaoichukua habari hii kuwa ni hoja. Husema: tazameni, Nyerere hakupita chekechea, hakujua Kiswahili, na alifika alipofika, basi haya maneno ya kumtayarisha mtoto mdogo ni anasa ya watu wa mjini. Hoja hii haisimami. Kwanza, mtoto wa miaka 12 si mtoto wa miaka sita. Wa miaka 12 amekwisha komaa, anaweza kustahimili miezi kadhaa ya kutofahamu. Pili, alikuwa mtoto wa mtemi, aliyekaa na wazee barazani akisikia kesi na mashauri tangu utotoni. Nayo ni madrasa ya namna yake. Tatu, tunamjua yeye kwa sababu alifaulu. Wale ambao lugha iliwashinda wakarudi kuchunga hakuna aliyewaandikia kitabu.

Alichokuwa nacho mtoto wa pwani

Sasa tuweke pembeni yake mtoto wa Mwislamu wa pwani wa zama zile zile. Huyu hakuanza kusoma siku alipoingia chuoni. Aliadhiniwa sikioni siku aliyozaliwa. Amesikia bismillahi kila sinia lilipotuliwa. Amesinzia mapajani mwa bibi yake naye bibi anavuta uradi. Amepelekwa maulidini akaitikia pamoja na watu yale asiyoyajua maana. Kaka yake aliyetangulia humchezea kusoma, humshika kidole na kumwonyesha alifu kwa kijiti, be kwa kitone. Mwalimu mwenyewe si mgeni: ni jirani, pengine ni ami yake. Siku anapopelekwa, na mzazi ametoa ada ya kuingilia, mtoto hukaa juu ya jamvi walilokaa ndugu zake, na wakubwa ndio wanaowafundisha wadogo wakati mwalimu anamsikiliza mwingine.

Tuzingatie ajabu iliyomo humu. Mtoto huyu anasomeshwa herufi za lugha asiyoizungumza. Kiarabu hakijui, sawasawa na yule wa Butiama asiyekijua Kiswahili. Lakini haangamii, kwa sababu sikio lake limetayarishwa miaka mitano kabla ya jicho lake. Sauti zile anazo tayari. Chuo kinampa maumbo ya kitu alichokwisha kukizoea.

Kisha akienda shule ya serikali anakuta mwalimu anazungumza lugha ya mama yake. Huo ni utajiri ambao mwenye nao hauoni. Katika Mkoa wa Mara mtoto mmoja anazungumza Kijita, wa kijiji cha pili Kizanaki, wa tatu Kikurya, wa nne Kiikizu, wa tano Kingoreme, na ufuoni wako Wajaluo ambao lugha yao haifanani hata na hizo za jirani zao. Mwalimu aliyepangiwa kituo huko kutoka mkoa mwingine hajui hata moja. Anaingia darasani anasema, "Kaeni chini," na nusu ya darasa inatazama wenzao wafanye nini ili nao wafanye.

Nimepata kuwa na mtoto wa namna hiyo chuoni kwangu. Baba yake alihamia pwani kwa kazi kutoka huko Mara. Wiki tatu hakutoa neno, na wenziwe wakampa jina la bubu. Ikawa siku moja watoto wanagawana komwe nje ya chuo, wanagombana hesabu, na yeye ndiye aliyezisogeza kwa kidole fungu kwa fungu mpaka kila mmoja akapata haki yake. Hakusema kitu. Baada ya hapo hakuna aliyemwita bubu, wala mjinga.

Sisemi kwamba chuo chetu kilikuwa pepo. Mzazi wa zamani alimwambia mwalimu, "Nyama yako, mifupa yangu," na wako walimu walioyafuata maneno hayo kwa herufi zake. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikwisha kuonya kwamba ukali juu ya watoto wadogo huwadhuru, huwafundisha uongo na hila ili kukwepa mkono wa mwalimu, na ukawa ndio tabia yao ukubwani. Na kabla yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alielekeza kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema apumzike, kwani kumzuilia mchezo na kumbebesha masomo daima kunaua moyo wake. Maneno haya yamo katika Ihya, kitabu ambacho masheikh wetu wamekidarsisha miaka mingi. Kulidarsisha jambo ni kitu kimoja.

Mlango unafunguliwa

Turudi Musoma. Mwezi wa Machi 1967 Rais Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaikumbuka kwa mashamba ya shule, lakini ndani yake mlikuwa na jambo la umri. Alisema watoto wanaanza shule wakiwa wadogo mno, wanamaliza nao bado hawajawa watu wa kufanya kazi wala kubeba dhamana ya raia, basi bora umri wa kuingia upandishwe. Hoja yake ilikuwa na maana kwa wakati ule, maana wengi walikuwa hawaendi mbele ya shule ya msingi. Umri ukakaa kwenye miaka saba.

Halafu likaja Azimio la Musoma. Mpango uliokuwapo ulikuwa kuwafikia watoto wote ifikapo mwaka 1989. Azimio likavuta tarehe hiyo mpaka Novemba 1977, miaka mitatu tu mbele. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974, walipita milioni 3 kufika mwaka 1980. Majengo yalijengwa na wanavijiji kwa mikono yao, na makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfunga mzazi: mtoto aliyetimia miaka saba lazima aandikishwe.

Ni kazi kubwa, na mwenye insafu haibezi. Nchi maskini ilifanya katika miaka mitatu lile ambalo nchi tajiri zilichukua vizazi. Lakini mlango ulipofunguliwa kwa wote, kizingiti kilisahauliwa. Miaka ile saba kabla ya shule iliachiwa nyumba, na nyumba hazikuwa sawa. Nyumba ya mwalimu Musoma mjini ilizungumza Kiswahili; ya mvuvi wa kijiji cha ziwani na ya mkulima wa pamba wa Bunda hazikuzungumza. Wote waliingia chumba kimoja siku moja, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hakuwa na nafasi ya kuuliza nani anafahamu na nani anatazama midomo tu.

Hapa sisi Waislamu tuna la kutafakari. Mtume (S.A.W.) alielekeza watoto waamrishwe sala wakifika miaka saba. Ni umri ule ule wa sheria ya mwaka 1978. Lakini nani miongoni mwetu aliyengoja miaka saba ndipo amwonyeshe mwanawe msala? Mtoto huuona msala tangu anatambaa. Husujudu kombokombo pembeni mwa mama yake, hupanda mgongoni mwa baba yake aliyesujudu. Na imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda, hakutaka kumharakisha. Amri inapokuja katika mwaka wa saba inamkuta mtu aliyekwisha kuwa mwenyeji. Ndiyo maana amri hiyo haikuwa nzito kwa watoto wetu, na ile ya darasa la kwanza ikawa nzito kwa mtoto wa Butiama. Kwake ilishuka kama mvua isiyotanguliwa na wingu.

Vidudu, chekechea, na darasa la awali

Haikuwa kwamba hakuna lililofanywa. Zama za vijiji vya ujamaa akina mama wa UWT walianzisha vituo vya kulelea watoto ili wazazi waende shamba, na mjini kulikuwa na zile tulizoziita shule za vidudu. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Lakini kulea na kutayarisha si kitu kimoja, na vituo vingi vilitegemea uji. Uji ukikatika, watoto nao hawaji. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoitambua elimu ya awali kuwa sehemu rasmi ya elimu, na ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ada ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016, watoto wa madarasa ya awali waliongezeka katika mwaka mmoja kutoka kama milioni 1 hadi zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa wastani wa nchi, kila mwalimu mmoja aliyesomea kazi hiyo alikuwa na watoto zaidi ya 100. Kilichotokea mwaka 1974 kwa darasa la kwanza kikajirudia kwa darasa la awali.

Katika kipindi hicho ndipo Mkoa wa Mara ulipopata jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko sera kadhaa. Kati ya mwaka 2014 na 2020 serikali, kwa fedha za Uingereza, iliendesha mpango wa kuinua ubora wa elimu uliojulikana kama EQUIP-Tanzania, na Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa yake. Kuanzia mwaka 2015 ndani ya mpango huo kulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule, kwa watoto ambao wanakaribia darasa la kwanza na hawakupata darasa la awali. Yalianza kwa wiki 12, baadaye yakawa 16. Yalisomeshwa na watu wa kujitolea wa pale pale kijijini, waliopewa mafunzo mafupi na kuitwa wasaidizi wa walimu wa jamii. Msingi wake ulikuwa hadithi. Mtoto husikia hadithi kwa Kiswahili, huiona katika picha, huiimba, huiigiza, huisikia tena kesho. Mpaka Kiswahili kinapokuja ubaoni kinakuwa hakimtishi.

Msomaji amekwisha kuona ninakoelekea. Mwalimu ni mtu wa kijiji, anajua mtoto huyu ni wa nani na nyumbani kwao wanasema lugha gani. Sikio linatangulizwa kabla ya jicho. Watoto wanakaa pamoja chini na hawaogopi. Hicho ni chuo. Watu waliokaa ofisini na kulifikiria jambo hilo kwa elimu ya kisasa walifika mahali ambapo mwalimu wetu wa chuo alikuwa amekaa kwa karne nyingi, na wakayaongeza mawili ambayo aghalabu yeye hakuwa nayo: mchezo na maana. Ama mtu wa kujitolea asiyekuwa na mshahara hukaa kwa muda gani, hilo kila msikiti wenye chuo unalijua jawabu lake.

Tangu hapo mambo yamezidi kwenda. Mwaka 2021 fedha za kukabiliana na ugonjwa wa korona zilijenga madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini, yaani vile vishule vya karibu vinavyomwondolea mtoto mdogo mwendo mrefu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, pamoja na lishe yake na afya yake. Jina ni refu, lakini wazo lililomo ni kwamba mtoto mwenye njaa na minyoo hafundishiki, nalo ni kweli.

Na sisi je?

Kama chuo kilikuwa kizingiti kizuri namna hiyo, mbona watoto wetu wa pwani walirudi nyuma katika shule za serikali? Swali hili liliulizwa kwa uchungu Mombasa katika miaka ya 1980. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan kuwa watoto wao hawafiki katika masomo ya juu, na wakamwomba msaada. Tofauti zetu za madhehebu na watu wake ni maarufu na sina haja ya kuzificha. Mwenye kutenda wema tunaushuhudia wema wake. Kutokana na mazungumzo hayo ilianza mwaka 1986, Mombasa, kazi ya shule za awali za madrasa, na aliyeishika toka mwanzo alikuwa mwalimu wa kike, Bi Swafiya Said. Unguja ilifika mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Bi Swafiya hakuvunja chuo. Alikiendea kilipo, akazungumza na kamati za misikiti na akina mama, akawafundisha wanawake wa mtaa wenyewe kuwa walimu, na vifaa vikawa vifuu, makombe ya pwani, visoda vya chupa na mabua. Qur'ani ikabaki mahali pake, na pamoja nayo hesabu, hadithi, mchezo na lugha. Wako waliomlaumu kuwa anachanganya dini na mambo mengine. Baadaye watafiti waliwapima watoto wa nchi zote tatu, na katika utafiti uliotolewa mwaka 2008 wale waliopita katika shule hizo walionekana kuwatangulia kiakili waliokaa nyumbani, na hata waliosoma chekechea za namna nyingine.

Wanaolaumu kuchanganya wangefaa wasome tena Ibn Khaldun. Anaeleza jinsi kila nchi ya Kiislamu ilivyosomesha watoto: watu wa Maghribi walishika Qur'ani peke yake, watu wa Andalusia walichanganya nayo mashairi, kanuni za lugha na hati. Kisha anataja rai ya Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi, aliyefariki mwaka 1148, kwamba mtoto atangulizwe lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo aje kwenye Qur'ani naye anafahamu anachokisoma. Ibn Khaldun akasema ni rai nzuri, ila mazoea yanaikataa, kwa sababu watu wanaogopa mtoto akikua atatoka mikononi mwao naye hajapata Qur'ani. Ni hofu ya haki, na mimi nimo miongoni mwa wenye hofu hiyo. Lakini msomaji aone kwamba tangu karne ya 14, mtu anayehoji ni lini mtoto yuko tayari na kwa lugha gani hakuwa akitoka katika mila yetu.

Na tukitaka kupanda juu zaidi, imepokewa katika sira kwamba baada ya Badri, mwaka 624, mateka waliojua kuandika na hawana fidia waliachiwa kwa kuwafundisha kuandika watoto kumi kumi wa Madina. Watu hao walikuwa makafiri wa jana vitani. Mtume aliona watoto wapate elimu hiyo, na akaitafuta kwa mwenye nayo. Naye ndiye aliyemwuliza mtoto mdogo Abu Umair habari za kindege chake kilichokufa, akikaa naye katika huzuni ya mtoto kama ajuaye kuwa ni huzuni kamili.

Nimeambiwa na mwenzangu mmoja anayesomesha huko kwamba katika mji wa Musoma vyuo vya Qur'ani vipo na vimejaa, watoto wa Wajita na Wakurya Waislamu wanahitimu juzuu ya amma wakiwa wadogo kabisa. Lakini hufunguliwa alasiri, baada ya shule. Asubuhi jamvi limekunjwa, mlango una kufuli, na nje ya uzio watoto wa miaka minne na mitano wanazurura ufuoni wakingoja dada zao warudi. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika vyuo vingi vya Tanga, vya Bagamoyo na vya Kilwa. Chumba kipo, jamvi lipo, na katika kila mtaa yuko msichana aliyemaliza kidato cha nne na kuhitimu Qur'ani, hana kazi. Kamati ya msikiti ikikaa baada ya sala ya Ijumaa inaweza kuhesabu yenyewe: uji wa asubuhi kwa watoto 30, kifuta jasho cha mwalimu, na ufunguo wa pili wa lile kufuli.